Mkaratusi wa Seremala

Kila alfajiri Mama Sindano aliamka, akawasha jiko, akabandika sufuria ya chai, kisha akasimama kwenye dirisha la jikoni. Hakuwa na cha kutazama, maana nje bado ni giza. Alikuwa akisikiliza.

Asubuhi ile alisikia bawaba za mlango wa jirani zikilia. Alisikia mbwa akijikuna ukutani. Sauti aliyokuwa akiitaka hakuisikia, akarudi kwenye sufuria yake.

Jina la Mama Sindano alipewa na watu, kwa sababu kifuani pa gauni lake hapakukosa sindano yenye uzi. Alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani. Mteja akija amepasukiwa na suruali, hakuhitaji kwenda kubadilisha. Alisimama pale pale, akashonwa akiwa ameivaa, huku akiambiwa, "Ukitikisika nakutoboa, na damu ukafue mwenyewe."

Marehemu mumewe alikuwa seremala. Enzi za uhai wake naye alikuwa mtu wa kuamka mapema. Alikuja akasimama nyuma ya mkewe dirishani, shati halijafungwa vifungo, akauliza:

"Unasikia?"

"Nasikia. Mimi si kiziwi."

Walikuwa wakisikia maji. Bondeni, chini kidogo ya nyumba yao, palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka chini ya jiwe kubwa, yakarukaruka juu ya mawe madogo, yakaenda zake kwenye bustani za mboga. Kukiwa kimya yalisikika mpaka jikoni. "Redio isiyotaka betri," seremala alisema kila siku, na kila siku alicheka kana kwamba maneno hayo ameyatunga dakika ile.

Sasa seremala hayupo, na chemchemi imenyamaza.

Jua lilikuwa limeshapanda mkwewe aliporudi na ndoo. Huyu alikuwa mke wa mwanawe. Mume wake alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari ndefu, basi wanawake hawa wawili waliishi pamoja na kuzoeana kwa utani. Mkwe alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa kubwa. Aliitua ndoo polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Umekawia, mwanangu. Nikadhani umeolewa huko huko."

"Niolewe na nani, mama? Kule kuna wanawake watupu na vikombe vyao."

Mama Sindano alichungulia ndani ya ndoo. Maji hayakufika hata nusu, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo hayo. Unachota kikombe kimoja, unangoja. Unachota kingine, unangoja. Ile chemchemi siku hizi haitoki maji, inatoka jasho."

Walifunika ndoo ili tope litulie chini. Baadaye wangechuja kwa kitambaa safi, kisha wangechemsha. Mama Sindano alimtazama mkwewe akijinyoosha mgongo. Mtoto yuko njiani, alifikiri. Nepi tu zitataka ndoo ngapi? Chemchemi ikikauka kabisa, maji mengine yako mtoni, na mto uko mbali, nyuma ya kilima.

Siku ile ile, jioni, wageni wawili walikuja barazani. Mmoja alikuwa Kinyozi, mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea cha mtaa. Wanakikundi hawa walikutana mara kwa mara wakafanya kazi ya wote. Walikuwa wameshazibua mtaro wa sokoni na kufukia mashimo ya barabara. Wa pili alikuwa Bwana Miche, mwenye kitalu cha miti. Alikuwa rafiki wa seremala tangu ujana, kwa hiyo yeye na Mama Sindano waliitana shemeji.

"Jumamosi tunakwenda chemchemini," alisema Kinyozi. "Tumekuja kuazima ule msumeno mkubwa wa marehemu."

"Msumeno wa nini? Si mnakwenda kuchimba?"

"Mimi nilisema tuchimbe," Kinyozi alijibu. "Tulichimbe lile jicho liende chini, maji yapande. Lakini huyu mzee wako amenikatalia."

"Nimekukatalia kwa sababu," alisema Bwana Miche, akavuta kigoda. "Maji yana njia yake chini ya ardhi. Ukipiga jembe kwenye jicho la chemchemi, unaweza kuibomoa ile njia. Maji yatapotelea pembeni, tubaki na shimo la kuogeshea vyura."

"Basi tatizo ni mvua," alisema Mama Sindano. "Mvua zimepungua."

"Mvua zimepungua kidogo, kweli. Lakini chemchemi ya upande wa pili wa kilima inatiririka, na mvua ni hiyo hiyo. Tofauti ni moja. Kule hakuna mikaratusi."

Mama Sindano aliacha kukanyaga cherehani.

Bwana Miche hakuwa mtu wa kuharakisha maneno. Alieleza taratibu, kama anayepanda mbegu. Mkaratusi ni mti unaokua upesi, alisema. Mti unaokua upesi hunywa sana. Mizizi yake huenda mbali kutafuta maji, na pale bondeni hata haikuhitaji kutafuta. "Tumeiandalia meza, shemeji. Inakula tangu asubuhi mpaka asubuhi, na sisi tunangoja makombo kwa vikombe."

"Ile miti aliipanda mume wangu."

"Najua."

"Aliipanda mwaka ule aliponioa. Watu wakampigia makofi."

"Na mimi nilikuwepo, nikapiga makofi. Tulitaka kivuli na nguzo, tukapata kivuli na nguzo. Hakuna aliyejua habari ya maji."

"Kwa hiyo unaniambia alikosea."

"Alikosea mahali. Mti wenyewe hauna kosa. Ukiupanda kule juu penye ukavu, mbali na maji, ni mti mzuri kwa kuni na kwa kujengea. Nitakupa mche, tuupande kule kwa ajili yake."

Mama Sindano alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Sitaki mwingine," alisema. "Nautaka ule ule."

Kila mmoja pale alijua ni upi. Ulikuwa mkaratusi mkubwa kuliko yote, uliosimama karibu kabisa na jicho la chemchemi. Seremala alipigilia msumari kwenye shina lake. Jioni akitoka kazini alipitia pale, akatundika shati msumarini, akanawa vumbi la mbao kichwani na mabegani. Mama Sindano alikuwa akimpelekea taulo. Mara nyingine walikaa pale mpaka mbu wakawafukuza. Mti ulipozidi kunenepa, gome lilianza kuumeza msumari. Sasa kilichobaki nje ni kichwa chake tu, na lazima ujue pa kuweka kidole ndipo ukipate. Mama Sindano alipajua. Siku ambazo nyumba ilimwelemea, alishuka akakiweka kidole pale.

"Ikateni yote," alisema mwishowe. "Huo mmoja niachieni."

"Shemeji, huo ndio unaokunywa karibu na..."

"Nimeshasema. Msumeno uko nyuma ya mlango. Uko na mafuta, msiulaze chini."

Mkwe alikuwa akikunja nguo za wateja. Aliendelea kukunja.

Jumamosi watu walishuka bondeni umande ukiwa bado majanini. Alikuja fundi baiskeli, wakaja wauza mboga, akaja mwalimu amevaa viatu vya mpira vya kuazima. Walibeba majembe, mapanga, makoleo na toroli lenye gurudumu linalopiga kelele. Mama Sindano alibeba msumeno mwenyewe, umefungwa kwenye shuka kuukuu. Ulikuwa msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili, huku na huku.

Bwana Miche aligawa kazi. Wengine walikwenda juu ya chemchemi kuchimba mfereji mdogo, ili maji ya mvua yenye tope yapite kando yasiingie kwenye jicho. Wengine walichimba mashimo ya kupandia mikuyu na miche mingine ya asili, inayokaa na maji bila kuyamaliza. Wenye nguvu walishika msumeno.

Kinyozi alijipa kazi mwenyewe. Alishika fyekeo akaingia kwenye matete na majani mabichi yaliyozunguka jicho. Alifyeka kwa bidii, akasawazisha, akarudi nyuma akatazama, akafyeka tena. Palikuwa panang'aa kama ua uliofagiliwa.

"Kinyozi," Bwana Miche aliita. "Hicho si kichwa cha mteja."

"Nasafisha, mzee. Pameota vichaka."

"Vichaka hivyo ndivyo vinavyoshika udongo. Vinachuja maji, vinapatia jicho kivuli. Umeinyoa chemchemi upara, na jua linakuja."

Watu walicheka mpaka mwalimu akaketi. Kinyozi alijipangusa jasho.

"Haya, nimekosa. Dawa ya nywele kuota ninayo dukani, nikailete?"

"Acha mizizi yake ilivyo, yataota yenyewe. Na wewe nenda kwenye msumeno."

Miti ilianguka mmoja baada ya mwingine. Kila uliposhuka, ardhi ilishtuka chini ya miguu ya Mama Sindano. Visiki havikung'olewa. Bwana Miche alieleza kwamba ukiving'oa, udongo unalegea na kuziba jicho. Alichofanya ni kuvibandua magome kwa panga. "Lakini mkaratusi haufi kwa kukatwa," aliwaambia. "Utachipua. Lazima awepo mtu wa kupita kila baada ya siku chache, avunje machipukizi yote, mpaka kisiki kichoke. Nani anakaa karibu?"

Wote waligeuka wakamtazama Mama Sindano. Aliitikia kwa kichwa tu.

Kufika adhuhuri ulibaki mti mmoja. Jua liliingia bondeni ambamo lilikuwa halijaingia kwa miaka mingi, na mti ule ulionekana mpweke. Watu walikwenda kupumzika. Hakuna aliyeutaja.

Ndipo mkwe aliposhuka na ndoo yake. Nyumbani maji ya kupikia yalikuwa yamekwisha. Alipiga magoti kwenye jiwe, kwanza goti moja, kisha la pili, tumbo likamzuia kuinama. Ilibidi akae upande, anyooshe mkono, akwangue. Kikombe cha bati kilikwaruza jiwe. Krr. Akamimina kilichopatikana. Akangoja. Krr.

Mama Sindano aliisikiliza sauti ile. Ilitoka mahali pale pale ilipokuwa ikitoka ile nyingine, ya maji.

Aliinuka. Alikwenda kwenye mti, akapapasa gome bila kutazama, kidole kikafika kwenye kichwa cha msumari. Kilikuwa na joto la jua. Alisimama pale, amewageuzia watu mgongo.

"Kinyozi," aliita. "Njooni na msumeno."

Walikuja wawili, wakaushika huku na huku.

"Kateni chini ya hapa. Hapa kiganja changu kilipo kuna msumari. Mkipandisha juu mtaung'oa meno msumeno wa mume wangu, na mimi hilo sitalivumilia."

"Hatupandishi, mama," alisema Kinyozi. Safari hii hakutania.

Mama Sindano hakuondoa kiganja mpaka msumeno ulipoanza kutoa unga. Ulinukia karakana. Alirudi nyuma, akashika mkono wa mkwewe, mti ukaenda chini.

Bwana Miche alikipima kwa macho kile kipande chenye msumari. "Hiki tukifanyeje, shemeji?"

"Si mnajenga uzio?"

"Tunajenga. Mbuzi na ng'ombe wasiingie kukanyaga jicho."

"Basi kiwe nguzo ya mlango. Lichongeni gome msumari utokeze, na uangalie ndani."

Mvua zilipoanza, mkwe alijifungua mtoto wa kike. Miche ya mikuyu ilishika, matete yakaota, Kinyozi akadai shukrani. Maji nayo yaliongezeka. Kwanza ndoo ilijaa bila kungoja sana. Baadaye tope likapungua. Mama Sindano alishuka kila baada ya siku chache kuvunja machipukizi. Alivunja kwa vidole, kisiki baada ya kisiki, kama anayekata ncha za nyuzi.

Kwenye kisiki cha karibu na jicho alivunja yote, akaacha moja.

Mara ya kwanza alijiambia atalivunja akirudi. Mara ya pili alilifunika kwa nyasi kavu. Majani yake machanga, ukiyasugua, yalitoa harufu ya shati lililotundikwa mtini jioni nzima. Harufu ile haikuwepo kabatini. Haikuwepo kwenye msumeno. Alikuwa ameitafuta kote.

Chipukizi lilikua haraka, kama ilivyo tabia ya mkaratusi. Lilimfikia kiunoni, nyasi hazikutosha tena. Mvua zilipokatika, maji yakaanza kupungua. Mkwe akawa anarudi na ndoo isiyojaa, mtoto mgongoni, akisema labda ni kiangazi tu.

Siku moja Bwana Miche alikuja kukagua miche, akamkuta Mama Sindano ameketi kwenye gogo lililobaki. Aliliona chipukizi. Alilizunguka.

"Hili limesahaulika?"

"Halijasahaulika."

Mzee aliketi kando yake. Walitazama mbele wote wawili.

"Hata mimi namkumbuka," alisema. "Ule utani wake wa redio."

"Alikuambia na wewe?"

"Nani hakuambiwa?"

Mama Sindano alicheka kidogo, kisha akalitazama chipukizi.

"Ni kamoja tu, shemeji. Kamoja kanakunywa nini?"

"Juu ni kamoja. Chini mizizi ni ile ile ya mti mkubwa, yote iko hai kwa sababu ya haka. Kakikua kidogo, kazi yote ya siku ile tumeifanya bure. Ungelivunja mapema kisiki kingekuwa kimeshaanza kufa."

Alisimama, akakung'uta suruali. Panga lilikuwa mkononi mwake, lakini hakuliinua.

"Mvunjaji ni wewe," alisema, akaenda kumwagilia mikuyu.

Mama Sindano alibaki na lile chipukizi mpaka kivuli cha uzio kilipomfikia miguuni. Aliongea nalo, au na nafsi yake, hakuna aliyesikia. Kisha alilishika kwa mikono yote miwili pale lilipoungana na kisiki, akalipinda. Halikukatika kwa urahisi. Ilimbidi asimame, alikanyage, alivute. Lilipotoka, alipapasa na kuhakikisha hakuna kichipukizi kilichobaki, kama alivyofundishwa. Akakifunika kisiki chote kwa udongo.

Alipanda nyumbani na majani machache kiganjani, akiyanusa njia nzima. Alipofika barazani yalikuwa yamenyauka. Akayatia kwenye droo ya cherehani.

Hakuruka hata zamu moja tangu hapo. Kiangazi kile kilikuwa kirefu, lakini ndoo zilianza kujaa tena. Mvua za pili zikaja, zikaenda. Wanakikundi walirudi bondeni kupalilia, na Kinyozi alitundika shati lake kwenye msumari wa nguzo ya mlango ili anawe kichwa. Alipogeuka akamwona Mama Sindano anamtazama, akataka kulitoa.

"Liache," alisema Mama Sindano. "Ndiyo kazi yake."

Ikaja alfajiri moja kama nyingine. Mama Sindano aliwasha jiko, akabandika chai, akasimama dirishani. Bawaba za jirani zililia. Mbwa alijikuna. Halafu vyote vikatulia, na chini yake kulikuwa na kitu.

Alidhani ni moto wa jiko. Akaupunguza. Kitu kilikuwa bado kipo, chembamba, kikirukaruka juu ya mawe.

Alishika ukingo wa dirisha. Nyuma yake palikuwa na nafasi, ya kumtosha mtu mmoja aliyevaa shati lisilofungwa vifungo. Hakugeuka kuitazama.

"Unasikia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Chumba cha pili mkwe alikuwa macho, ananyonyesha. Kitanda kililia, kisha sauti yake ikaja, nzito kwa usingizi.

"Nasikia, mama. Mimi si kiziwi."

Hakuna aliyewahi kumfundisha maneno hayo. Mama Sindano alifunika uso kwa mikono, akacheka, mabega yakitikisika, mpaka chai ikafurika jikoni.